Kitu cha sihiri mezani: namna ya kukieleza, na namna ya kuwaacha wachezaji wakitambue wenyewe

Kasha limefunguka. Wachezaji wanne wameinama juu ya meza, dadu zimetulia, na msimulizi anasoma kutoka kwenye daftari: "Mmepata upanga wa sihiri. Unaongeza moja kwenye shambulio." Mmoja anauandika kwenye karatasi yake, wengine wanauliza kama kuna dhahabu, safari inaendelea. Upanga ambao ungewapa kikao kizima cha ubishi na wasiwasi umemalizika kwa sentensi mbili.

Mwongozo huu ni wa wasimulizi wa Unguja na Pemba wanaoendesha michezo ya kuigiza wahusika mezani: kila mchezaji ana mhusika wake, msimulizi anaeleza ulimwengu, na dadu huamua yale yasiyo na uhakika. Dungeons & Dragons, mchezo ulioanzisha aina hii, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni nitakazozitaja zaidi ni za toleo lake la tano, la mwaka 2014. Nimelichagua kwa sababu sehemu kubwa ya msingi wake iliachiwa huru mwaka 2023 kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaishusha kwenye simu bila kulipa na bila kumdhulumu mtu. Huna dadu ya pande ishirini? Kata vikaratasi 20, viandike namba moja hadi ishirini, vitie ndani ya kofia, chomoa kimoja, kisha ukirudishe. Programu za simu zipo, ila mimi naipenda kofia kwa sababu inapita mkono kwa mkono na hakuna anayetilia shaka namba ya mwenzake.

Ninachokishikilia ni kimoja: mchezaji apewe kitu kwanza, jina baadaye. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye hilo.

Hatua ya kwanza: tengeneza kadi kabla ya kikao

Kata manila kwa ukubwa wa karata ya kuchezea. Kitu kimoja, kadi moja. Upande wa mbele andika yale tu ambayo mtu asiyejua lolote angeyaona akikiokota: umbo, kimetengenezwa kwa nini, ukubwa, uchakavu. Upande wa nyuma andika siri: jina, nguvu, sharti la kukitumia, laana kama ipo, nani alikitengeneza na alikitaka kwa kazi gani. Halafu ongeza njia tatu ambazo wachezaji wanaweza kuzipitia hadi wakaijua siri hiyo. Zisipungue tatu. Ya kwanza wataipita bila kuiona, ya pili wataielewa vibaya, ya tatu itawafikisha.

Funika upande wa nyuma kwa karatasi na selotepu, kisha wakabidhi kadi wakikipata kitu. Waishike, waigeuze, wabishane. Siku wakishakitambua, bandua karatasi mbele yao.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho ili usomeke kwa urahisi. Upande wa mbele wa kadi yangu unasema hivi:

"Kijaluba cha shaba, kinaenea kiganjani. Ukingoni mwa kifuniko pamechorwa mnyororo wa pingili kumi na mbili, na tisa kati yake zimekatika. Ndani mna chokaa ya tambuu, bado mbichi."

Na upande wa nyuma:

"Kijaluba cha Liwali. Anayetafuna tambuu iliyopakwa chokaa hii hawezi kusema uongo mpaka jua lizame. Chokaa haiishi. Laana: mwenye kijaluba akisema uongo wa kujinufaisha, pingili moja hukatika. Ikikatika ya mwisho, anapoteza sauti. Kilitengenezwa na fundi wa bandarini kwa liwali aliyechoka kudanganywa na manahodha kuhusu ushuru."

Tazama kwamba laana imeshawekwa upande wa mbele. Pingili tisa zimekatika, na yeyote mwenye macho anaweza kuzihesabu. Wachezaji hawatajua maana yake, lakini wakija kuijua hawatakuwa na pa kukulaumu.

Hatua ya pili: kieleze kuanzia mbali hadi mkononi

Wasimulizi wengi wanakwama hapa, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Kwanza futa maneno matatu kwenye daftari lako: "kinang'aa", "cha ajabu", "cha kutisha". Hayo ni maamuzi ambayo mchezaji alitakiwa ayafikie mwenyewe. Ukimwambia kitu ni cha ajabu, umemnyima nafasi ya kushangaa.

Kisha eleza kwa mpangilio ule ule ambao mtu hukikaribia kitu. Kwa mbali anaona umbo na mahali kilipo. Karibu anaona nakshi, kutu, mikwaruzo. Mkononi anapata uzito, joto, harufu na sauti. Sentensi moja kwa kila umbali inatosha. Ya nne isubiri mchezaji aulize. Akiuliza "kina harufu gani?", ujue ameshaingia mle ndani ya pango pamoja nawe.

Tumia vitu ambavyo wachezaji wako wameshavishika. Kijana wa Wete au Mkoani anaijua harufu ya karafuu mbichi zilizoanikwa kwenye jamvi, inavyokaa kooni na kwenye nguo. Basi mwambie kwamba bahasha ya ngozi aliyoitoa ndani ya pango la mawe, mbali na shamba lolote, inanukia karafuu zilizochumwa leo. Mtoto wa Jambiani au Paje anajua mwani uliokauka unavyokwaruza vidoleni. Mtoto wa Mji Mkongwe anajua ubaridi wa msumari mkubwa wa shaba kwenye mlango wa nakshi asubuhi, na anajua msumari huo huo unavyochoma saa saba mchana. Mwambie msumari aliouona umesimama juani tangu alfajiri na bado ni baridi. Hujataja sihiri hata mara moja, naye ameshauvuta mkono wake.

Jambo moja lisilo la kawaida kwa kila kitu. Moja tu. Chetezo ambacho moshi wake unakwenda kinyume na upepo kinatosha; ukiongeza na macho mekundu yaliyochorwa kwenye miguu yake na sauti ya mtoto inayotoka ndani, hakuna hata moja litakalokumbukwa. Kwenye kijaluba changu jambo hilo ni chokaa. Kimekaa ndani ya jahazi lililozama miaka mingi, tena kina matumbawe kwenye bawaba, na chokaa ni mbichi.

Uchakavu nao unasema mengi. Mpini wa jambia uliolika upande mmoja unamtaja mtu wa mkono wa kushoto. Kamba ya usumba iliyounganishwa kwa fundo la mabaharia inataja chombo. Pete ya akiki iliyopanuliwa na sonara mara mbili, mishono yake ikionekana kwa ndani, inaleta swali: nani anaipanua pete mara mbili? Mtu aliyenenepa, au mtu ambaye pete yake ilikuwa inabana yenyewe? Hilo swali likishaulizwa mezani na mchezaji, wewe nyamaza.

Nakshi pia zinasomeka. Kwenye milango ya zamani ya Mji Mkongwe utakuta mnyororo, samaki, yungiyungi na mtende, na wenyeji huzipa maana: mnyororo ni ulinzi, samaki ni kizazi na neema. Huna haja ya kufuata maana hizo kwenye ulimwengu wako wa kubuni, lakini ni vizuri kuwa na lugha yako ya nakshi, michoro mitano au sita, na usiibadilishe. Mnyororo uliomaanisha kifungo kwenye kikao cha pili umaanishe kifungo kwenye cha kumi. Wachezaji wataanza kusoma vitu bila kukuuliza, na hiyo ni furaha kubwa kwa msimulizi.

Hatua ya tatu: gawa maarifa kwa matabaka

Kila kitu kina yale anayoyaona kila mtu, yale anayoyaona mjuzi, na yale yasiyoonekana mpaka kitumike. Tabaka la kwanza halina dadu. Usimrushishe mtu dadu ili kujua kwamba shaba ni shaba.

Tabaka la pili ndilo la dadu. Katika toleo la tano, lengo la 10 ni jambo jepesi, 15 ni la wastani, 20 ni gumu. Mchezaji anarusha dadu ya pande ishirini, anaongeza ujuzi wa mhusika wake, analinganisha. Shida ni kwamba wasimulizi humrushisha mchawi peke yake, kwa ujuzi wa sihiri peke yake, kila mara. Waulize wengine. Baharia akikitazama kijaluba anajua matumbawe ya ukubwa ule hayaoti kwa mwaka mmoja. Mwizi anatambua bawaba imefunguliwa kwa nguvu na kufungwa tena. Aliyelelewa na bibi anajua chokaa ya tambuu ikiachwa wazi inakauka na kuwa kama chaki. Kila mmoja kaleta kipande chake na hakuna aliyekaa bure.

Anayeshindwa kwenye dadu mpe kitu cha kweli lakini pungufu. "Hujui" inaua kikao. "Umewahi kuona mnyororo kama huu, kwenye nyumba ya mtu mkubwa, lakini hukumbuki wapi" inakipeleka mbele, kwa sababu sasa wana pa kuanzia. Na usimpe uongo aliyeshindwa, isipokuwa kundi lako limekubaliana hivyo mapema. Mchezaji anayeona namba 3 kwenye dadu anajua ulichomwambia si kweli, na kumlazimisha ajifanye haoni kunachosha.

Tabaka la tatu liache lilale.

Hatua ya nne: jua kanuni zinasema nini kuhusu kutambua

Kwenye toleo la tano kuna njia tatu za moja kwa moja. Tabano, yaani sihiri anayoifanya mhusika, la kutambua ni la daraja la kwanza, huchukua dakika moja, na linaweza kufanywa kama ibada ndefu zaidi bila kupunguza idadi ya matabano anayoruhusiwa kwa siku. Njia ya pili haina tabano: mhusika anakaa na kitu wakati wa mapumziko mafupi, yaani saa moja, akikigusa na kukichunguza, na mwisho anajua kinafanya nini. Dawa ya chupa inaonjwa tone moja, basi.

Saa ile moja wasimulizi wengi huiruka. "Mnapumzika. Ni pete ya kinga." Badala yake, uliza. Muda wote huo mhusika anafanya nini na kitu hicho? Anakisugua? Anakisomea? Anakilaza kifuani? Mchezaji akijibu, mpe ndoto fupi au kumbukumbu ya mtu aliyekimiliki zamani, sentensi mbili, na ndani yake ifiche nguvu ya kitu. Saa ya mapumziko itakuwa sehemu ya hadithi na kanuni haikuvunjwa.

Tabano la kutambua linadai vifaa viwili: lulu yenye thamani ya angalau vipande 100 vya dhahabu, na unyoya wa bundi. Lulu hailiwi na tabano, inatumika tena na tena. Kwenye kanuni za zamani, za mwishoni mwa miaka ya 1970, mambo yalikuwa mazito zaidi: mvinyo uliorowekwa unyoya wa bundi ulinywewa, na kabla ya kuanza mchawi alimmeza samaki mdogo akiwa hai. Mezani kwetu mvinyo hauna nafasi, maji ya dafu yanafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Lakini lulu na bundi usiviache, maana hakuna mahali vinapokaa vizuri kama visiwani. Lulu inahitaji mpiga mbizi, na mpiga mbizi ana masharti yake. Bundi ni ndege ambaye watu wengi wa pwani hawapendi kumsikia juu ya paa usiku, na Pemba ina bundi wake mdogo, Otus pembaensis, asiyepatikana porini kokote kwingine duniani. Mchawi anayetaka unyoya mmoja itabidi aingie msituni usiku akafuate sauti ambayo wenzake wanaikimbia. Hapo umepata safari nzima kutoka kwenye mstari mmoja wa kanuni.

Kuna na tabano la kuhisi sihiri, ambalo wengi hulichanganya na lile la kutambua. Hili linaonyesha kwamba kuna sihiri ndani ya futi 30, karibu mita 9, na kwa kitu kinachoonekana linaonyesha wingu hafifu pamoja na aina ya sihiri yake. Aina ziko nane, na mimi huziita kinga, wito, uaguzi, ushawishi, nguvu, mazingaombwe, mauti na mageuzo. Kijaluba kitatoa wingu la ushawishi. Hilo linawaambia kinagusa akili za watu, haliwaambii kinagusaje, na hapo ndipo unapotaka wafike. Kumbuka pia kwamba tabano hili huzuiwa na futi moja ya jiwe, inchi moja ya metali ya kawaida, futi tatu za mbao au udongo, au hata bati jembamba la madini ya risasi. Mtu mwenye cha kuficha na akili timamu atakificha ndani ya kasha lililotandikwa risasi. Wachezaji wakikuta kasha la namna hiyo, tupu, wana haki ya kuogopa.

Baadhi ya vitu vinataka kufungamana na mhusika kabla havijamtii. Hilo nalo linachukua mapumziko mafupi, na mhusika mmoja hafungamani na zaidi ya vitu vitatu. Kifungo kinakatika kitu kikiwa mbali zaidi ya futi 100 kwa saa 24.

Kuhusu laana, kanuni zenyewe ziko wazi: njia nyingi za kutambua, pamoja na lile tabano, haziioni. Ndiyo maana nasisitiza dalili iwe kwenye kadi tangu siku ya kwanza.

Hatua ya tano: wapeleke kwa watu wanaojua

Ukinilazimisha nichague njia moja ya kutambua vitu, nachagua hii. Tabano linatoa jibu kamili na hadithi inasimama. Mtu anatoa nusu ya jibu, anadai kitu, na anakumbuka kwamba mlifika kwake.

Weka kwenye mji wako wajuzi watatu au wanne tofauti. Sonara anayesugua dhahabu kwenye jiwe jeusi, anadondosha tindikali kidogo juu ya mstari na kuutazama unavyobadilika. Yeye atajua madini na mkono wa fundi, hatajua nguvu. Nahodha mstaafu aliyeona bandari nyingi. Mwandishi wa barua anayesoma hati za zamani. Na bibi, maana lazima awepo bibi. Kwa kijaluba, wachezaji wanakwenda kwa bibi, naye anaigizwa na msimulizi:

"Hodi, hodi."

"Karibuni."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Kaeni kwenye mkeka. Mmekula?"

"Tumekula, bibi, tunashukuru. Tumekuja na kijaluba, tunataka utuangalilie."

"Kiweke hapo chini, mwanangu. Usinipe mkononi."

"Kwa nini, bibi?"

"Nina wajukuu kumi, na kila mmoja nimemwambia yeye ndiye nimpendaye kuliko wenzake. Mtu kama mimi hagusi kile."

Hakutaja nguvu. Hakutaja laana. Mchezaji makini ameshapata vyote viwili nusu nusu: kina jambo na uongo, na hatari yake inamfuata anayekishika. Asiye makini ataondoka akijua bibi anakiogopa, na hiyo pia ni faida.

Malipo yasiwe fedha. Fedha kwenye michezo hii zinajaa mifukoni na hazimuumi mtu. Bibi atake kikapu kipelekwe kwa mdogo wake kisiwa cha pili bila kufunguliwa. Sonara atake akiachiwe usiku mmoja. Nahodha atake kujua walikipata wapi hasa, kina cha maji na mwelekeo, na hapo wachezaji wenyewe wataanza kunong'onezana kama wamwambie ukweli.

Hatua ya sita: waache wajaribu

Wachezaji wakikitumia kitu bila kukijua, tokeo la kwanza liwe dogo na lionekane. Mmoja akijipakia tambuu kwa ile chokaa, usimtangazie kwamba hawezi kudanganya. Ngoja mlinzi wa lango amuulize wanatoka wapi. Mchezaji akisema mhusika wake anadanganya, mwambie: "Mdomo unafunguka, na unalisikia jina la kijiji mlikotoka likitoka kwa sauti yako." Meza nzima italipuka. Kuanzia hapo watafanya majaribio yao wenyewe, kwa maswali ya kitoto na ya hatari, na wewe kazi yako ni kujibu kwa ukweli kila jaribio linalofanywa vizuri. Wakijaribu mara tatu kwa akili, wape siri yote bila dadu. Wameifanyia kazi.

Silaha ni rahisi zaidi: zinajieleza kwenye pambano. Msomee mchezaji kwamba panga limepita kwenye ngao bila mlio, yeye ataongeza alama yake mwenyewe ukimpa namba. Hati za matabano zisomwe tu na anayejua kusoma lugha yake, basi.

Hatua ya saba: jina na historia

Jina lije mwishoni, nalo lije na mwenye kitu. Visiwa hivi vina mifano ya kujifunzia. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu upande wa magharibi wa Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha na chache za dhahabu, na nyingi ya zile za fedha zina majina ya watawala wa huku huku pwani. Vipande vidogo vya madini, kila kimoja na jina la mtu aliyetaka kukumbukwa. Kitu chako cha sihiri kiwe na alama kama hiyo, jina lililofutika nusu ambalo litawapeleka kwenye kaburi, nyaraka au ukoo unaoishi bado. Siwa, yaani baragumu la enzi, na ngoma za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, nazo zinafundisha jambo: zilikuwa alama za enzi, hazikuwa za kupigwa na kila mtu. Baragumu la kubuni kwenye mchezo wako linaweza kulia kwa nguvu zake zote likipulizwa na mwenye haki nalo, na kwa mwingine likatoa pumzi tupu. Swali la kutambua likageuka kutoka "linafanya nini?" kwenda "ni la nani?", na hilo ni swali zuri zaidi.

Nashauri uazime sura na hisia za vitu hivi, usivitie vyenyewe kwenye mchezo. Buni liwali wako, bandari yako, baragumu lako.

Jambo la kuzingatia mapema

Tuko mahali ambapo watu wanaamini, wanasali na wanajali. Kwa hiyo mezani pasiwepo aya, kombe, hirizi yenye maandishi matakatifu, wala jina la mzimu au jini linalotajwa kijijini kwenu. Matabano ya mchezo yatajwe kwa kazi yake, yasitungiwe maneno ya kutamkwa. Mama akifungua mlango wakati wa kikao aone kadi, dadu na daftari, na akiuliza, mweleze mchezo ulivyo na mkaribishe akae. Ukiwa na wachezaji wa skuli, zungumza na wazazi kabla ya kikao cha kwanza, usisubiri waulize. Wengine wakicheza usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe hupendelea kuacha mambo ya laana na mauti hadi mwezi uishe, na nafikiri ni uamuzi mzuri.

Mwisho wa kikao

Kama kitu hakijatambuliwa, mchezaji aliyekishika aondoke na kadi yake ikiwa imefunikwa bado. Kwenye daftari lako andika ni njia ipi kati ya zile tatu wameshaipita, nani anajua nini, na wamemwahidi nini bibi. Kikao kijacho anza kwa kumuuliza mwenye kadi mhusika wake amekihifadhi wapi kitu hicho na kama amekigusa tena. Wakiamua kukiuza bila kukijua, wauzie: mnunuzi atoe bei ndogo, na vikao viwili mbele wakutane na mtu anayekitumia.